Anayekoroma Hajisikii: Maradhi ya Kukatika Pumzi Usingizini na Mashine Inayoyatuliza

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini yako maradhi ambayo hata mwenye kitanda hayajui, ila yule tu anayelala ubavuni pake.

Msomaji na amfikirie askari dereva mwenye umri wa miaka 42, aishiye na mkewe na watoto wake katika nyumba za kambi. Saa mbili za usiku amekwisha kula, saa tatu amelala, na kabla taa haijazimwa mkoromo wake umekwisha kuvuka ukuta na kumfikia jirani. Watoto hucheka, na jirani hutania. Mke peke yake hacheki. Yeye husikia jambo ambalo wengine hawalisikii: mkoromo hupanda, hupanda tena, kisha hukatika ghafula. Kimya. Kifua kinajitahidi, tumbo linapanda na kushuka, lakini hewa haipiti. Mke huhesabu kimoyomoyo: kumi, ishirini, thelathini. Ndipo mume hushtuka kwa kishindo, akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji, akageuka upande, na mkoromo ukaanza upya. Asubuhi akiulizwa, hujibu kwamba alilala fofofo.

Hata hivyo, mtu huyo aliyelala fofofo huamka na kichwa kizito na kinywa kikavu. Saa nne za asubuhi husinzia juu ya benchi akimngoja afande wake. Mchana akikaa kusikiliza hotuba, kidevu huanguka kifuani. Nyumbani amekuwa mkali kwa jambo dogo, amekuwa msahaulifu, na hata hamu yake ya unyumba imepungua. Wakubwa wake wameanza kumwita mvivu, na mkewe ameanza kuogopa kila anapoambiwa kwamba bwana amepangiwa kuendesha lori usiku kutoka Kampala hadi Gulu.

Mtu wa namna hii huenda si mvivu hata kidogo. Huenda ni mgonjwa, na ugonjwa wake una jina na una tiba.

KINACHOTOKEA KOONI

Madaktari huuita ugonjwa huu apnia ya usingizi, neno lenye asili ya Kigiriki linalomaanisha kukosekana kwa pumzi. Mtu anapolala, misuli yote ya mwili hulegea, ikiwamo ile inayoishika njia ya hewa nyuma ya ulimi. Kwa watu wengi njia hiyo hubaki wazi. Kwa wengine, hasa wale wenye koo jembamba, kidevu kilichorudi nyuma, mafindofindo makubwa au mafuta mengi shingoni, ulimi na kaakaa laini huanguka nyuma na kuiziba. Ikiwa njia ni nyembamba tu, hewa hupita kwa kutetemesha nyama za koo, na huo ndio mkoromo. Njia ikizibwa kabisa, kimya hutanda.

Kila pumzi inapokatika, oksijeni hupungua katika damu. Ubongo huona hatari, humshtua mwenyewe kwa nukta chache, misuli hukaza na njia hufunguka. Mgonjwa hakumbuki lolote, kwa sababu hakuamka vya kutosha kukumbuka. Kukatika kunahesabiwa pale pumzi inapokoma kwa sekunde 10 au zaidi. Pumzi ikikatika au kufifia chini ya mara 5 kwa saa, mtu huhesabiwa kuwa mzima. Kuanzia mara 5 ugonjwa umeanza. Kuanzia 15 ni wa wastani. Ikifikia 30 au zaidi ni mkali. Mwenye ugonjwa mkali hushtuliwa mara mia mbili na zaidi kwa usiku mmoja. Mlinzi anayeamshwa mara mia mbili usiku hawezi kutazamiwa kukesha mchana.

Wala usingizi wa mchana si hasara pekee. Ugonjwa huu hufuatana na shinikizo la juu la damu, kiharusi, maradhi ya moyo na kisukari. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulikadiria kwamba watu zaidi ya milioni 900 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana ugonjwa huu kwa kiasi fulani, na kati yao zaidi ya milioni 400 wanao kwa kiwango cha wastani au kikali. Wengi wao hawajapata kupimwa.

AJALI ILIYOFUNDISHA

Tarehe 1 Desemba 2013, asubuhi ya Jumapili, gari-moshi la abiria lilikuwa likikaribia jiji la New York huko Marekani. Mbele yake palikuwa na kona ambayo mwendo ulioruhusiwa ulikuwa kilomita 48 kwa saa. Gari-moshi liliingia katika kona hiyo kwa mwendo wa kilomita 132, likaacha reli, na watu wanne wakafa. Dereva hakuwa amelewa. Wachunguzi waligundua kwamba alikuwa na ugonjwa mkali wa kukatika pumzi usingizini ambao haukuwa umepimwa wala kujulikana, na kwamba siku si nyingi kabla ya ajali alikuwa amehamishwa kutoka zamu ya jioni hadi zamu ya alfajiri.

Upande wa pili wa somo hilo ulionekana mwaka 2016, ulipotolewa uchunguzi juu ya madereva wa malori wa Marekani. Madereva wagonjwa waliopewa mashine ya kupumulia lakini hawakuitumia walipata ajali kubwa ambazo zingeweza kuepukwa mara tano zaidi kuliko wenzao wazima. Wale walioitumia walikuwa sawa na wazima. Ugonjwa ulikuwa ule ule. Kilichowatenganisha ni utii wa kuvaa mashine kila usiku.

MASHINE ILIYOZALIWA SYDNEY

Hapo zamani tiba ya hakika kwa mgonjwa mkali ilikuwa moja tu: kutobolewa tundu kooni, chini ya mahali panapoziba, na kupumulia hapo. Iliokoa maisha, lakini ilikuwa nzito kuivumilia.

Katika mwezi wa Juni 1980, katika mji wa Sydney nchini Australia, daktari Colin Sullivan alikuwa na mgonjwa aliyekuwa akitafuta njia nyingine mbali na kutobolewa koo. Daktari huyo alifikiri hivi: ikiwa njia ya hewa huanguka kama mfuko mtupu, basi ikijazwa hewa yenye msukumo mdogo itasimama wazi, kama vile mpira wa baiskeli unavyosimama unapojazwa upepo. Alichukua mota ya mashine ya kufyonzea vumbi, akaigeuza ipulize badala ya kufyonza, akaiunganisha kwa bomba na barakoa ya puani. Usiku ule mgonjwa alilala kwa muda wa saa nyingi bila pumzi kukatika, akaamka akiwa mchangamfu kwa namna aliyokuwa ameisahau. Mnamo Aprili 1981 Sullivan na wenzake walitangaza katika jarida la Lancet habari za wagonjwa watano waliotibiwa kwa njia hiyo.

Wagonjwa wa kwanza walipata taabu ambayo wa leo hawaijui. Barakoa zao zilifinyangwa kwa kipimo cha pua ya kila mmoja, zikabandikwa usoni kwa gundi kila usiku, na mota ilivuma kama kinu. Mashine za leo ni ndogo kama redio ya mezani, sauti yake ni hafifu kuliko mkoromo wowote, na barakoa ni za mpira laini wenye mikanda. Kanuni, hata hivyo, haijabadilika. Mashine haimpumulii mtu wala haimpi oksijeni ya ziada; huvuta hewa ya chumbani, huichuja, na kuisukuma kwa nguvu ndogo ili koo lisizibe. Nguvu hiyo hupimwa kwa sentimita za maji, aghalabu kati ya 4 na 20, na daktari ndiye anayeipanga kwa kila mgonjwa. Kwa hiyo si vizuri kuazima mashine ya mtu na kuitumia bila kupangiwa.

KUTOKA MKOROMO HADI KIPIMO

Si kila anayekoroma ni mgonjwa, na si kila mgonjwa ni mnene. Hata vijana wembamba walio jeshini hupatikana nao. Wataalamu wa Toronto, Kanada, walitoa mwaka 2008 maswali mepesi manane ambayo mtu aweza kujiuliza nyumbani. Je, hukoroma kwa sauti inayopita mlangoni? Huwa mchovu mchana? Kuna aliyemwona akikatika pumzi? Ana shinikizo la juu la damu? Ni mnene kupita kiasi? Ana umri zaidi ya miaka 50? Mzunguko wa shingo yake unazidi sentimita 40? Ni mwanamume? Mwenye kujibu ndiyo mara tatu au zaidi ana sababu ya kumwona daktari. Mwanamke naye asijione yu salama, kwa kuwa hatari yake huongezeka baada ya kukoma hedhi.

Katika maswali hayo yote, lile la tatu mgonjwa hawezi kulijibu peke yake. Shahidi ni mke, au mume, au mwenzi wa bwenini. Kwa sababu hiyo mke afuatane na mumewe zahanati, aeleze alichokiona na kukihesabu. Ikiwezekana, amrekodi mumewe kwa simu kwa dakika chache, ili daktari asikie kwa masikio yake. Wanaume wengi waliokataa kuamini maneno ya wake zao wamenyamaza waliposikia sauti yao wenyewe ikikatika.

Kipimo chenyewe hakina maumivu. Mgonjwa hulala na kifaa kidogo kidoleni kinachopima oksijeni, mkanda kifuani na mrija mwembamba puani, na asubuhi hesabu husomwa. Vituo vyenye vyombo hivyo ni vichache, na aghalabu vimo katika miji mikubwa; kwa hiyo safari huanzia kwa mganga wa kambi, ambaye atapima shinikizo la damu, atatazama koo na kuandika barua ya kumpeleka mgonjwa mbele.

SIKU ZA KWANZA NDIZO NGUMU

Yule askari dereva amekwisha kupimwa. Pumzi yake ilikatika mara 46 kwa saa. Amerudi nyumbani na mashine, na usiku wa kwanza umefika. Anavaa barakoa, anajitazama katika kioo, na mtoto wa mwisho anakimbilia kwa mama akilia kwamba baba amekuwa tembo. Mume anaona haya. Saa saba za usiku anaivua bila kujitambua. Usiku wa nne hataki hata kuigusa. “Mama Watoto,” anasema, “mimi ni askari, si mgonjwa wa kulazwa.” Mashine inarudishwa ndani ya sanduku lake, na mkoromo unarudi mahali pake.

Hapa ndipo matibabu ya wengi hufia. Hakuna dawa inayofanya kazi ikiwa ndani ya sanduku, na mashine hii haiponyi ugonjwa moja kwa moja. Hutuliza usiku ule tu inapovaliwa. Madaktari wengi huchukua saa 4 kwa usiku, katika siku 7 kati ya 10, kuwa kiasi cha chini cha kuhesabu kwamba mtu anaitumia. Lililo bora ni usiku mzima, kila usiku, na hata kwa usingizi wa mchana.

Taabu za mwanzo zina dawa zake. Anayehisi kukabwa avae barakoa mchana, akiwa ameketi anasikiliza redio, dakika kumi leo na ishirini kesho, mpaka uso uizoee. Mashine nyingi zina kitufe cha kuanza na msukumo mdogo unaopanda polepole wakati mtu anapoingia usingizini. Hewa ikimpulizia machoni, barakoa inavuja: aifunge upya akiwa amelala chali na mashine inafanya kazi, wala asikaze mikanda mno, kwani barakoa iliyokazwa kupita kiasi huvuja zaidi na kuchubua pua. Kinywa kikikauka, huenda analala akiwa amekiacha wazi. Yafaa aulizie barakoa inayofunika pua na mdomo pamoja, au chombo cha kutia unyevu katika hewa. Tumbo likijaa upepo asubuhi, amwambie daktari, kwa kuwa huenda msukumo unahitaji kupangwa upya.

Usafi ni kazi ndogo ya kila siku. Barakoa ioshwe kila asubuhi kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, ianikwe kivulini. Bomba na chombo cha maji vioshwe kila juma. Chujio likaguliwe mara kwa mara, hasa wakati wa kiangazi na vumbi. Maji ya kutia unyevu yawe yaliyosafishwa kwa mvuke. Yakikosekana, yawe yaliyochemshwa na kupoa, nayo yamwagwe kila asubuhi. Mashine ihifadhiwe ndani ya mfuko safi wa kitambaa, mbali na mende na watoto. Anayenunua mashine iliyokwisha kutumika awe mwangalifu zaidi: mwaka 2021 kiwanda kimoja kikubwa kilirudisha mamilioni ya mashine zake kwa sababu sifongo ya ndani ilikuwa ikichakaa na kutoa chembe katika njia ya hewa.

Umeme nao hukatika. Mwenye kuvaa mashine asiogope kufa usingizini kwa sababu hiyo. Barakoa ina matundu, naye aghalabu huamka akaivua. Usiku huo alale kwa ubavu. Mashine nyingi huweza kutumia betri kwa kifaa kinachofaa, na wenye uwezo huunganisha betri inayojazwa kwa nguvu ya jua. Ila jenereta isiwashwe kamwe ndani ya nyumba wala kando ya dirisha la chumba cha kulala, maana moshi wake huua kimya kimya.

YALIYO KATIKA UWEZO WA KILA NYUMBA

Asiyepata mashine bado asikae bure. Pombe ilegeze koo jioni, na mkoromo huwa mbaya zaidi. Kwa hiyo waragi wa kabla ya kulala uachwe, hali kadhalika vidonge vya usingizi visivyoandikwa na daktari. Mnene akipunguza uzito, pumzi hupata nafasi. Sahani yenye matoke machache na mboga nyingi, pamoja na mazoezi, ni sehemu ya tiba. Wale wanaokatika pumzi zaidi wakilala chali huweza kushonewa mpira mdogo mgongoni mwa fulana, ili kila wakigeuka chali uwasukume warudi ubavuni. Wenye ugonjwa mdogo au wa wastani huweza kutengenezewa na daktari wa meno kifaa cha kusogeza taya mbele. Mtoto anayekoroma kila usiku, anayekojoa kitandani na kusinzia darasani apelekwe kwa daktari. Huenda mafindofindo yake ni makubwa, na kuyaondoa humpa usingizi na masomo yake.

Yafaa pia mashine isitukuzwe kupita ukweli wake. Huondoa usingizi wa mchana na kusaidia kushusha shinikizo la damu, lakini uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2016 haukuonyesha kwamba inawakinga na mishtuko mipya ya moyo au kiharusi watu waliokwisha kuwa na maradhi hayo. Washiriki wa uchunguzi huo, kwa wastani, waliivaa kwa saa 3 na kidogo tu kwa usiku. Basi dawa za presha zisiachwe kwa sababu tu mashine imepatikana.

NENO KWA WAKUBWA NA KWA WAKE

Afande anayemkuta askari amesinzia lindoni ana haki ya kuuliza, na ugonjwa usiwe kichaka cha kujifichia wazembe. Lakini askari anayesinzia kila siku, pamoja na kupata saa zake za kulala, apelekwe kwa mganga kabla ya kupelekwa kwenye adhabu, na usukani apewe mwingine mpaka apimwe. Askari naye asifiche dalili kwa hofu ya kupoteza kazi. Mficha maradhi kifo humwumbua, na safari hii kifo huweza kuwachukua wote walio ndani ya lori.

Na yule askari dereva? Mashine ilikaa ndani ya sanduku majuma mawili. Mkewe hakugombana naye. Jioni moja aliitoa, akaifuta vumbi, akamwita mtoto wa mwisho, akamwekea barakoa kwenye kiganja asikie upepo wake. Mtoto akacheka. Kisha akamwambia mumewe, “Baba Watoto, wewe hulala, mimi ndiye ninayekesha nikihesabu. Vaa, ili nami nilale.” Mume akavaa. Usiku ule aliivua alfajiri. Usiku uliofuata hakuivua. Baada ya mwezi mmoja daktari alisoma hesabu ndani ya mashine: pumzi ilikatika mara 3 tu kwa saa.

Sasa chumba chao kina uvumi mdogo wa hewa, kama upepo unaopita katika majani ya mgomba. Mke aliusikiliza usiku wa kwanza na wa pili. Usiku wa tatu hakuusikia, kwa kuwa alikuwa amelala.